Meno ya Binti Yangu na Safari ya Baba Yake

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa saluni, mteja yuko chini ya draya, naomba unisaidie maana nimefika mwisho wa akili zangu. Binti yangu ana miaka minane, mbele ameshaota meno ya ukubwani, nyuma bado ya utoto, na akiuma, taya linakwenda upande, na daktari wa meno amesema avalishwe sasa kifaa cha kutanua taya la juu, mfupa ungali laini, kwani ukishakomaa huenda ikabidi apasuliwe. Kila nikipangiwa siku, naahirisha. Wifi yangu anasema meno hujipanga yenyewe, nami naitikia, ingawa siamini. Ukweli ni kwamba mume wangu alipokwenda ng'ambo kutafuta kazi alisema, "Nikirudi tutampeleka wote wawili," na mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, kisha mara mojamoja, sasa kimya, lakini bado nayapiga pasi mashati yake, mtu akikohoa ngazini nakimbilia mlangoni, nimemkumbuka mpaka kukoroma kwake, na naona nikimpeleka mtoto peke yangu nitakuwa nimekubali kwamba harudi. Juzi mtoto kaniuliza, "Mama, kwani meno yangu yanamsubiri baba?" Nifanyeje?

Msusi

Pole, mama. Kitanda kikipoa upande mmoja hakuna blanketi linalotosha, na kumtamani mumeo si kosa. Ila kwenye meno umeteleza, tena unajua, ndiyo maana ukajificha nyuma ya wifi. Ni kweli si kila mtoto wa kuharakishwa, wako wanaoambiwa wangoje. Mtoto wako kakaguliwa na mwenye kazi yake, akaambiwa sasa. Kumpeleka mtoto kliniki si kumwandikia mumeo talaka! Msubiri upendavyo, wewe ni mtu mzima, lakini usimsubirishe mtoto.

Leo mjibu: meno hayamsubiri mtu, mama ndiye anayesubiri. Kesho piga simu kliniki, chukua siku ya karibu, funga saluni, nenda. Muulize daktari mtoto atakula nini na kifaa kitasafishwaje. Vifaa vingi vya aina hiyo vina kifunguo kidogo, mzazi hukizungusha nyumbani kama atakavyoelekezwa. Mara ya kwanza utakwenda polepole, utazoea. Kazi hiyo inataka mzazi mmoja tu, na mtoto wako anaye.