Togwa Iliyokosa Wanywaji

Isongole,
Ileje, Mbeya.
2 Februari 2014

Mwanangu mpendwa Edson,

Salaam za mama yako zikufikie huko Dar es Salaam. Hujambo baba? Mercy na mjukuu wangu hawajambo? Kifua kimepona, au bado unakesha na kompyuta dirisha likiwa wazi? Mimi mzima, goti tu linasumbua kukinyesha, na mvua ya mwaka huu haina adabu.

Nimeamua kuandika maana kwenye simu ukisikia nimeanza unasema "sawa mama, sawa mama," mpaka salio langu linaisha. Barua utaisoma yote.

Alhamisi nilialika palizi. Nilipika togwa chungu kikubwa, nikachemsha na maharage. Unajua hapa kwetu ukialika, akina mama wanafika na majembe kabla umande haujakauka. Kwangu hawajawahi kukosa, maana na mimi kwao sikosi. Nikakaa kizingitini. Jua likapanda. Hakuja mtu. Niliwaona wanapita kule juu kwenda shambani kwa Nesta, majembe begani, wanacheka, hakuna aliyegeuza shingo. Togwa ikachacha, nikampa nguruwe.

Sababu ni zile namba za simu. Krismasi ya mwaka juzi ulipokuja na habari za kampuni yenu, akina mama walikupa namba zao uwe unawatumia bei ya mahindi na maharage ya soko la Tunduma. Hawakukupa wewe, baba. Walinipa mimi. Mimi ndiye niliyesimama nikasema huyu nimemzaa mwenyewe, hana neno. Na kweli mlitusaidia, madalali walikoma kutudanganya.

Sasa tangu uwape namba zile watu wa matangazo, kila siku zinaingia meseji za bahati nasibu na za nyota, na salio linakatwa. Anastazia jirani yetu, mjane mwenye wajukuu, anaulizwa kama anataka kumjua mpenzi wake wa kweli! Alinisimamisha kisimani mbele ya watu: "Mama Edson, mwambie mwanao mpenzi wangu amelala pale kwenye migomba, asihangaike kumtafuta." Wenzake wakacheka. Nilijitwisha ndoo nusu nikaondoka.

Uliniambia aliyewapa mtaji ndiye aliyetaka hivyo, na sasa anataka na namba za watu wa vijiji vya Mbebe na Ikinga, mkikataa anaondoa fedha yake na vijana wako wanakosa kazi. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, mambo ya mitaji siyajui. Naogopa vijana wa watu wakose kula. Naogopa na wewe uanguke. Lakini mbegu ya kuazima huwezi kuisaga unga ukauza. Hata ukiwa na njaa, unarudi kwanza kwa mwenyewe unamwuliza. Wewe ulimwuliza nani?

Nakuomba, hizo za Mbebe na Ikinga usitoe. Na hizi zetu waambie wale watu wazifute, halafu uwaandikie akina mama kwa meseji ileile ya bei, uwaambie ulichofanya. Usiseme mtambo uliharibika. Watajua ni uongo. Kampuni ikibaki ndogo, ibaki ndogo. Ikifa, njoo nyumbani, jembe la marehemu baba yako lipo.

Pesa uliyotuma niajiri vibarua sijaitoa kwenye simu. Sikatai msaada wako, ila nikiwaza ilikotoka, mkono unagoma. Napalilia mwenyewe kidogokidogo. Magugu siyo shida. Shida ni kutwa nzima kuongea na jembe.

Msalimie Mercy, mjukuu mbusu mashavu yote mawili. Mjomba wako Sadoki wa Mbebe anakusalimu sana. Bado hajui, nimemficha.

Mungu aliyekulinda tumboni mwangu akulinde na huko kwenye meza za wenye fedha.

Mama yako akupendaye kuliko unavyodhani,
Ruti

Leo asubuhi nimeloweka ulezi mwingine wa togwa. Sijaalika mtu. Nasubiri kwanza simu ya Anastazia ilie kwa meseji yako.