Nyuma Atakaa Nani?

Sharjah, Ijumaa baada ya sala

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, Mama na wote hapo Kibokoni hamjambo. Mimi mwili mzima, joto tu lanipika, lakini moyo umeudhika, na leo sitakuficha.

Barua yako nimeisoma mara mbili nisiamini. Waniomba spoti nyingine, gari la milango miwili? Ile nyekundu iko yadini kwako Ganjoni ikingoja mnunuzi tangu kabla ya Ramadhani, na wewe mwenyewe wasema vijana wajaa kuitazama. Haya, wajaa. Yuko hata mmoja aliyeinunua? Mtu wa Mombasa hanunui gari peke yake, Salim. Atasikiliza injini, atapiga magurudumu teke, kisha jioni atamleta mkewe. Mke atachungulia mara moja aulize, "Na nyuma atakaa nani?" Hapo biashara imekwisha. Hata huku kazini kwangu kwenye mauzo ya magari, wapenda mbio wengi wachukua gari la milango minne lenye injini ileile ya kishetani, wakapakia mke, watoto na mama mkwe, na bado wakampita kila mtu barabarani. Nilikwambia tangu mwanzo, ukanijibu nimezeeka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Hayo ningeyameza. Lakini jana nimepata barua ya Khalati Zuhura wa Likoni. Auliza amemkosea nini Mama, mbona dada yake haendi tena kumuona? Ndipo akanieleza mambo ya Feri, mlipokuwa mkivuka kwenda kwake, ambayo wewe hukuniandikia hata neno. Kumbe ulimtia Mama kiti cha nyuma cha hiyo spoti, kisicho na mlango, mbele ukampakia rafiki yako. Abiria walipoambiwa washuke magarini kabla ya kuingia ferini, Mama akakwama, buibui limenasa, watu wamtazama, mpaka mchuuzi wa korosho akamshika mikono kumvuta nje. Mama yetu, Salim, ambaye hata kwa daktari hujifunika mpaka vidole. Nimeona haya mimi niliye ng'ambo.

Nawe waniandikia kuwa Mama hatoki siku hizi, magoti yamuuma, umemnunulia dawa ya kuchua. Magoti hayamuumi. Aona unavyolipenda gari lako, hataki kukuvunja moyo, basi ameacha kwenda kwa dada yake. Wewe umesoma mpaka wapi, hata hilo hukulielewa?

Sasa nisikilize. Meli ijayo yaleta gari la kijivu, milango minne, na mbio zake zitakutosha. Kabla ya kulichukua niliketi nyuma, nikashuka polepole, magoti pamoja, kama mwanamke mwenye buibui. Wenzangu wakacheka mpaka machozi. Wacheke. Usilitie yadini kwanza. Mfungulie Mama mlango wa nyuma, umpeleke Likoni, na huyo rafiki yako aende kwa miguu.

Nisalimie mjomba wetu mshona kofia, na dada yetu Rukia anayesomesha watoto Kurani chuoni. Mwambie kitambaa chake kiko njiani. Mama mbusie mkono kwa niaba yangu. Wala usimwambie kuwa nimejua. Mwambie tu lile gari jekundu limekosa mnunuzi kwa sababu kina mama hawalitaki. Huo si uongo, na mwanamke wa kwanza kulikataa ni yeye.

Nduguyo mkubwa,
Athman