Asetati Niliyokunyima

Mpendwa mdogo wangu, Mama Neema,

Habari za nyumbani utazipata kwa wengine. Mimi nina neno moja. Uliniomba nisahihishe Kiswahili cha kitabu chako kuhusu unga wa kauri kabla hakijachapishwa. Nimesahihisha. Lakini katika ukurasa wa shukrani umeandika kwamba mimi, kaka yako, nilikupa chumvi ya kemikali iliyo ngumu kufanyia kazi kwa makusudi ili ujifunze. Sentensi hiyo imeandikwa vizuri, ila si ya kweli, na wewe unajua.

Unaikumbuka miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupanda hadi Newala, na pale Masasi mfanyabiashara mmoja akafungua duka la kemikali za maabara, akiuza vitu ambavyo shule zilikuwa zikivingoja kutoka serikalini mwaka mzima. Tulifundisha kemia shule moja. Mimi nilikuwa mkuu wa somo. Wewe ulikuwa na miaka mitatu tu kazini, na tayari wanafunzi walikufuata kwa maswali hadi mlangoni pa nyumba yako, wakiniachia mimi shikamoo ya mbali. Niliona.

Ndipo akaja mhadhiri kutoka Dar es Salaam kutafuta mwalimu mmoja wa kwenda kusomea kauri nje ya nchi. Akatupa kazi: kila mmoja atengeneze oksidi ya zinki, unga mweupe na laini kadiri iwezekanavyo, naye angekwenda kupima ukubwa wa fuwele zake, hizo ndogo mno ambazo leo mnaziita za nano. Tulipewa wiki tatu, katikati ya kiangazi.

Nilikwenda Masasi nikanunua chupa ya asetati ya zinki, chumvi ya kutengenezea unga ule. Ilitutosha sote wawili. Nikakuambia, "Hii inamtosha mtu mmoja. Wewe tumia kloridi ya zinki iliyoko stoo." Uliifungua ile chupa ya zamani, ukaitikisa. Ilikuwa imenyonya unyevu wa miaka.

"Kaka, umenipa uji."

"Uji nao ni chakula," nilikujibu, nikarudi kwenye meza yangu.

Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nimesoma kwamba zinki ni ileile, lakini kile kilichofungamana nayo hakiondoki kwa urahisi ule ule. Asetati huungua motoni ikaacha chembe ndogo zilizotengana. Kloridi hung'ang'ania mashapo, ule unga unaotuama chini ya maji. Usipoyaosha vya kutosha, chembe hukua na kushikana zikawa mabonge. Dawa yake ni maji, tena mengi na safi. Nami nilikupa chumvi inayodai maji mahali ambapo matangi ya mvua yalikuwa yamekauka na kila ndoo ilipandishwa kichwani kutoka bondeni.

Siku ya nne nilikukuta njiani na ndoo kichwani, katikati ya wanawake wa kijiji cha Makote. Mmoja alikuwa akikutania: "Mwalimu, sisi unga tunausonga, wewe unauosha?"

"Nauosha mpaka utakate, mama. Ukinishinda nitakuletea uusonge."

Wakacheka wote. Mimi nikawapita na baiskeli yangu bila kushuka.

Maji yale uliyachemsha, ukakusanya mvuke wake tone kwa tone. Na kila baada ya kuosha ulichota mashapo kidogo, ukayakausha, ukayachoma, ukaweka unga wake katika kichupa cha vidonge ulichoomba zahanati. Vilifika tisa, umevipanga dirishani. Mimi nilikuwa na kimoja.

Mhadhiri aliporudi na vipimo, alisema wazi kwamba unga wangu ulikuwa laini kuliko wako wote. Nikaanza kutabasamu. "Lakini wewe, mwalimu, umeniletea unga," akaendelea, "mdogo wako ameniletea na sababu." Akatuonyesha jinsi fuwele zako zilivyopungua ukubwa kutoka kichupa cha kwanza hadi cha tisa, kadiri kloridi ilivyokuwa ikitoka. Nafasi ukaipata wewe. Mama alichinja kuku wawili. Mimi nilisema nimeshiba baada ya matonge matatu.

Siku ya safari nilikusindikiza hadi stendi ya Masasi. Ukiwa unafunga begi, ulisema bila kunitazama, "Kaka, ile asetati iliyobaki usiitupe. Wafundishie wanafunzi." Kumbe ulijua tangu mwanzo, na bado ulikwenda bondeni.

Watu hudhani wivu huisha uzeeni. Wangu haukuisha. Kanisani wakikutaja jina katika maombi, mimi huitikia amina nikiwa nimekunja uso. Niliwaonea wivu wanafunzi wako, kisha safari yako, kisha shahada zako. Sasa, kwa shukrani hizi, naonea wivu kitu kingine: umeamua kunisitiri, na mimi, mkubwa wako, sikumbuki lini nilikufanyia jambo lililonigharimu kiasi hicho.

Sikubali unishinde na hapo. Nimeifuta sentensi yako kwa wino mwekundu, na juu yake nimeandika kwamba asetati ilikuwapo ya kututosha, nikakunyima kwa sababu nilitaka nafasi ile iwe yangu. Nakufahamu, utataka kuirudisha ya kwako. Kwa hiyo barua hii nimeipeleka gazetini kwanza, na mswada nitautia posta itakapokuwa imechapishwa. Utakapoufungua, watu wa Newala na Masasi watakuwa wamekwisha kusoma, na hutakuwa na la kunifichia.

Wasalimie watoto. Waambie mjomba wao ni mzima na bado anasahihisha.

Ni mimi kaka yako,
Mjomba wa Neema