Kompyuta Inapanga Diski, Usiizime

Osmel mpenzi,

Nawahi basi la asubuhi. Mwambie mama asichomeke jiko la wali wala mota ya maji mpaka kompyuta imalize. Vikiwaka pamoja fyuzi itakatika.

Umeme uliporudi alfajiri, mji mzima wa Holguín ulikimbilia masufuria, mimi nikakimbilia kompyuta. "Wee mkwe, leo tutakula diski?" mama yako akanicheka. Lakini kompyuta ilikuwa nzito mno, na mwalimu wetu wa darasa la kompyuta la jioni alisema kupanga upya mafaili yaliyotawanyika mara moja kwa mwezi kunatosha. Alisema pia tunakili vitu vyetu kwingine kwanza, maana umeme ukikatika katikati vinaweza kupotea. Hilo nimelikumbuka kazi ikiwa imeshafika asilimia tisa. Video zote za Lianet akijifunza kutembea zimo humo, Osmel, hazipo kwingine.

Ratiba inasema mtaa wetu unakatiwa umeme saa nne, lakini si unawajua watu wa umeme. ~~Ikifika saa tatu na nusu izime.~~ Hapana! Ikifika saa tatu na nusu bonyeza kitufe cha kusimamisha, subiri itulie, ndipo uizime.

Umeme ukikatika kabla ya hapo, usiiwashe tena. Nisubiri. Kama video hazipo tena, sitaki uligundue peke yako.

Mama Lianet