Ukoka wa Mlangoni

Kilosa, Jumanne, mwisho wa kiangazi

Tena ule ukoka. Kiangazi kizima nimeumwagilia maji ya kufulia, na sasa ndio peke yake ulio kijani mtaa mzima.

Leo balozi wetu wa nyumba kumi alisimama juu yake. Shikamoo yangu hakuiitikia. Aliuliza tu, "Mama Zuhura, haya mnakula?"

Nikasema ukoka mfupi unazuia nyoka. Akasema Jumapili kila nyumba itaeleza mkutanoni imelima nini.

Mume wangu ni karani wa serikali. Wakimwita bwanyenye, adui wa Ujamaa, kwa sababu ya majani yangu...

Jioni nimetifua pote, nikapanda mahindi kwenye vumbi. Lakini ukoka haufi kwa jembe. Kila kipande huchipua. Mvua ya kwanza itauchipusha kabla ya mahindi, na balozi hupita hapa kila asubuhi.