Kompyuta Kwenye Meza ya Cherehani

3 Machi

Mwanangu wa pekee,

U hali gani huko? Unakula? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila goti langu linalia kama bawaba.

Nakuandikia kwa siri. Tangu baba yako astaafu, kila alasiri anaitoa ile kompyuta ya zamani, ya kuchomeka kwenye televisheni na kupakia michezo kutoka kwenye kanda za kaseti, anaipangusa, anairudisha kabatini. Haiwaki. Ndiyo hiyohiyo iliyofanya akuite mwongo ukiwa na miaka kumi na minne, akisema umeimwagia chai, nawe ukikana. Miaka ishirini sasa mnasalimiana kama karani na mteja. Wewe fundi redio, mimi fundi cherehani. Nielekeze niitengeneze, kabla mmoja wenu hajafa na kiburi chake.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona, nakula. Ningekuwa naombwa na yeye ningekataa. Usifungue chochote kabla hujachomoa waya ukutani. Kwanza niambie: ukiwasha, taa inafanyaje? Kile kiboksi cha umeme kinapata moto?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Alhamdulillahi kwa kifua. Taa inakonyeza mara moja, inazimika, kama mtu aliyeghairi. Kiboksi kina moto wa kunyoosha kola. Baba yako nilimwambia napanga kabati. Akaniangalia, akaenda kunyoa ndevu alizonyoa asubuhi.

Mama yako, anayeogopa umeme

15 Aprili

Shikamoo Mama,

Kiboksi ni kizima. Kuna kitu ndani ya kompyuta kimegusanisha visivyopaswa kugusana. Chomoa, pindua, fungua skrubu tano, inua kifuniko polepole. Mulika tochi kati ya miguu ya vile vidude vyeusi vinavyofanana na jongoo. Ukikuta doa la chai, niambie ukweli. Siku hizi hata mimi sina hakika na mikono yangu ya wakati ule.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Leo sikujulii hali, nisije nikaishiwa ujasiri.

Chai hakuna. Kuna pini. Pini yangu, imelala katikati ya jongoo wawili. Unakumbuka nilivyokuwa nakata sare za shule kwenye meza hiyo? Mto wa pini ulipotea, nikawa nazichomeka kwenye vile vitobo vya hewa vya kompyuta. Nilijiona mjanja. Moja ikaniponyoka ikaingia ndani, nikasema pini ni pini tu, nikachukua nyingine. Halafu mkagombana, nami nilikuwa palepale nikishona, kichwa chini.

Nimeitoa. Taa imewaka, ikatulia. Nikamwonyesha baba yako. Alikaa na ile pini kiganjani mpaka uji wake ukaganda. Kisha akasema, "Muulize mwanao, kanda ya mchezo wake ni ipi?"

Nisamehe, baba. Usiharakishe kujibu. Ila jibu.

Mama yako

6 Mei

Shikamoo Mama,

Zile sare ndizo zilizonilipia shule. Sina cha kukusamehe.

Kanda ni ile yenye karatasi nyekundu. Kompyuta inaisoma kwa dakika tano nzima, ikilia kama paka aliyebanwa na mlango. Asidhani imeharibika tena, asiizime. Au basi, mwambie anisubiri. Nimepata ruhusa kazini, nafika Jumamosi. Shikamoo yake nakuja nayo mwenyewe.

Mwanenu