Maneno Uliyompa Maina wa Pikipiki

Mpenzi wangu wa zamani Mwaniki,

Nakuandikia barua hii wazi, asomaye na asome, kwa sababu mbili. Ya kwanza, sina namba yako. Nikipiga ile ya zamani naambiwa mteja hapatikani, na watu wa kwetu kila mmoja ana habari zake: dada yangu anasema alikuona Nakuru ukiuza vifuniko vya simu, jirani yetu anaapa kwamba uko Rumuruti unafuga mbuzi. Ya pili, wewe mwenyewe hukuwahi kunitongoza faraghani. Kila neno la mapenzi uliloniambia ulilisema kwenye maiki, mbele ya kibanda kizima cha vijana wanaotafuna karanga. Sioni kwa nini mimi nikujibu kwa kunong'ona.

Bado niko Qatar. Ninaishi Al Wakrah, kusini mwa Doha, katika nyumba ya bibi mmoja ninayemtunza. Nyumba nzima inamwita Yumma, yaani mama, nami namwita hivyo hivyo. Miguu imemchoka na macho yana ukungu, lakini ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Nitakueleza jinsi yeye na wewe mlivyojuana.

Kwanza tukumbushane lile sanduku. Mwalimu Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mwenye kibanda cha video pale Nyahururu sanduku la kanda, na mwenye kibanda akafurahi kwa sababu hakujua ndani kuna nini. Zote zilikuwa za namna moja. Ulaya ya miaka ya sitini, kijana mwenye nywele zilizofunika masikio, msichana mwenye sketi fupi, pikipiki ndogo inayozimika mlimani, magitaa, baba mkali mwenye masharubu. Kijana anampenda msichana, anaaibika mbele ya watu, anaaibika tena, kisha anajifunza kitu. Hakuna aliyepigwa teke hata moja. Wateja wenu walizoea kareti na bunduki, na Jumamosi ile ya kwanza nusu yao walisimama wakataka kutoka.

Ndipo wewe, ambaye kazi yako ilikuwa kubadilisha kanda na kufagia maganda, ukaizima sauti ya televisheni na kushika maiki.

"Tulieni, watu wangu," ulisema. "Huyu mnayemwona ni Maina wa Pikipiki. Amemaliza fomu foo, job hana, lakini cheki vile amechana nywele, hata nzi akitua anateleza. Na yule kule kwa duka la santuri anaitwa Wairimu. Hiyo sketi msishangae. Fundi aliishiwa na kitambaa, akasema basi, Mungu ni mwema."

Wairimu ni mimi. Nilikuwa benchi la mbele, na kibanda kizima kiligeuka kunitazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sketi ya kanisani iliyofika chini ya magoti. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto, na Jumamosi iliyofuata nilifika mapema ili nipate benchi lile lile.

Ulimpa yule baba wa masharubu kazi ya baba yangu, ya kupima maziwa kiwandani. Akitokea mlangoni unasema, "Maina, mzee wa maziwa huyo, toa pikipiki hapo," na watu wanaanguka kwa kicheko. Ukumbi wao wa dansi uliugeuza harambee ya kanisa. Wakikaribia kubusiana, ulisimama mbele ya televisheni ukatandaza koti lako na kutangaza kwamba hapa kuna matengenezo ya barabara, wasafiri wavumilie. Koti lilikuwa limetoboka kwapani, kwa hiyo waliokaa upande wa kushoto walivumilia kuliko wengine.

Cha ajabu ni kwamba nje ya kibanda ulikuwa bubu. Tulitembea pamoja kutoka sokoni hadi kwetu, njia nzima ukinisimulia habari za mvua. Siku moja nilikuuliza kama kuna kitu unataka kuniambia, ukanijibu kwamba mahindi ya mjomba wako yameshika vizuri. Nikasubiri Jumamosi. Jumamosi Maina alimwambia Wairimu wa duka la santuri kwamba tangu amwone, hata chai bila sukari anainywa tu, haoni tofauti. Nilijua ni mimi ninayeambiwa. Lakini nilidhani pia kwamba maneno ni ya filamu, na wewe unayapitisha tu kwenda kwangu, kwani ulituambia kwamba kila kanda unaitazama kwanza peke yako, umeshika kamusi.

Kanda ile ya pikipiki ulituonyesha vipande vipande, na Jumamosi moja kikaja kipande cha mwisho. Msichana amepata nafasi ya kusomea uuguzi mji mkubwa, yuko ndani ya basi, dirisha limefunguliwa. Maina anafika mbio, pikipiki imemfia njiani kama kawaida yake. Basi limeanza kutembea. Anakimbia kandokando, mdomo wake unasema kitu kifupi, msichana anacheka huku analia, basi linakata kona. Siku hiyo hukutia mzaha wowote. Uliishusha sauti ukasema, "Nenda tu. Mimi nipo," kisha ukaizima maiki na kuwasha taa. Jumatatu yake nilikuwa naenda Nairobi kuanza chuo. Watu walipiga makofi, nami niliona kwamba Wazungu wa zamani walijua kuandika.

Nairobi ilinipeleka mbali, na baadaye ikanileta huku. Ulikuwa ukinipigia simu. Kwenye simu ulikuwa yule yule wa njia ya sokoni, mvua na mahindi, ila mwishoni kabla ya kukata ulisema, "Mimi nipo." Nilizoea kulisikia. Ijumaa moja nimetoka kanisani Mesaimeer, jua limenipiga, ninasubiri basi pamoja na Wakenya na Waganda wenzangu ambao kila mmoja ana simu sikioni na matatizo ya nyumbani ndani yake, nawe ukasema tena kwamba upo.

Nikakwambia, "Mwaniki, hayo ni maneno ya sinema. Tafuta yako."

Ulicheka kidogo. Ukasema, "Sawa basi, Wairimu." Simu ilikatika, na baada ya hapo hukupiga tena. Sikuombi msamaha kwa hilo. Mtu yeyote aliyekaa benchi lile angedhani vile vile, nawe ulikuwa na mdomo wa kujitetea ukaamua kuufunga. Niliumia, nasema wazi, kisha nikapona. Nimekuwa mtu wa kazi yangu, na sikuwa ninakuwaza ila mara moja moja, hasa nikinywa chai ambayo mtu amesahau kuitia sukari.

Sasa Yumma. Alikuwa amechoshwa na tamthilia za kwao ambamo watu hulia kuanzia mwanzo wa Ramadhani mpaka mwisho. Mjukuu wake, Nuura, anasoma chuo kikuu na kila kitu anakipata kwenye mtandao, basi akaanza kumwekea filamu za zamani za kuchekesha. Zina maandishi ya Kiarabu chini, lakini Yumma hayaoni. Kiingereza hajui. Ikawa kazi yangu kila alasiri, baada ya dawa na kahawa, kumweleza kinachotokea kwa Kiarabu changu cha jikoni. Nilianza vizuri, natafsiri neno kwa neno. Yumma akasinzia.

Alasiri moja Nuura aliweka filamu na kwenda zake. Kabla jina halijatokea niliijua ile pikipiki.

Mwaniki, nilijisikia nikisema kwa Kiarabu kibovu kwamba huyu ni Maina, amemaliza shule, hana kazi, na nzi akitua kichwani mwake anateleza. Yumma alifungua macho. Nilipofika kwenye sketi na fundi, alicheka mpaka nikamshika mgongo. Walipokaribia kubusiana alijifunika uso kwa mtandio wake mweusi, na nikaona kwamba amechagua sehemu iliyochakaa. Nikamtangazia kwamba barabara inatengenezwa. Sikupanga hata neno moja. Yote yalikuwa kichwani mwangu kwa sauti yako, nami nilikuwa nayatoa tu.

"Na msichana anaitwaje?" akauliza.

"Wairimu."

"Kama wewe."

"Kama mimi, Yumma."

"Na Maina anaitwaje?"

Nilijifanya sikusikia. Akasema kwamba miaka hiyo, hao wakikimbizana na pikipiki, yeye alikuwa hapa hapa Wakrah, umri ule ule, ameshaolewa na mtu ambaye kabla ya harusi alikuwa amekiona kiatu chake tu mlangoni. "Kilikuwa kiatu kizuri," akasema. "Mungu amrehemu."

Tukafika kwenye basi. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema neno lako. Lakini Yumma haishi bila sauti ya televisheni, Kiingereza nimekifanyia kazi miaka mingi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia yule kijana akisema kwa mdomo wake mwenyewe. Anakimbia, amenyanyua kifurushi cha karatasi, anasema: "Umesahau mkate wako."

Basi. Hakuna kingine. Msichana anacheka huku analia, kona, magitaa, mwisho.

Nikairudisha nyuma. Mkate. Nikairudisha tena, nikatega sikio kama mtu anayetafuta hitilafu ya gari. Mkate. Kisha nikarudi mwanzoni kabisa, pale dukani, kutafuta chai isiyo na sukari. Hakuna chai. Anamuuliza msichana bei ya santuri. Filamu nzima yule kijana hasemi neno moja la maana kwa msichana, ndiyo sababu inachekesha. Hukuwa unatafsiri chochote. Hata kamusi sidhani ilikuwepo.

Kwa hiyo neno lile lilikuwa lako. Nilikwambia utafute maneno yako, kumbe ndiyo niliyokuwa nikiyasikia tangu siku ya kwanza. Nilikaa pale na kidhibiti cha televisheni mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nikaona kiti changu ni cha watu wengine.

"Amesema nini?" Yumma akauliza. "Mbona umenyamaza?"

"Anasema: Nenda tu, mimi nipo."

Alijipiga paja. "Wallah, huyo ni mwanamume. Na yeye akarudi?"

"Filamu imeisha, Yumma."

"Filamu imeisha, watu hawajaisha. Alirudi au hakurudi?"

Tangu siku hiyo hakuniacha. Nikimpaka mafuta miguuni, alirudi? Nikimpa uji, alirudi? Nuura alidhani bibi yake amechanganyikiwa. Mimi nilijua ana akili zaidi yangu, kwa sababu wakati huo huo Baba Nuura, mwanawe, alikuwa ameniuliza kama nitaongeza mkataba. Wanaridhika nami, na mimi kwao sina lalamiko. Kuongeza ni rahisi, unasema ndiyo ukiwa unaosha vikombe. Kurudi ndiko kuna maswali. Mtu anarudi kwa nani, ikiwa aliyesema yupo hajulikani aliko, na pengine ameshasema hivyo kwa mwingine aliyemwamini haraka?

Wiki iliyopita nilimwambia Yumma kwanza, kabla ya mwanawe. Niliona ni haki yake. Nilimwambia kwamba siongezi mkataba, naenda kwetu, na kwamba Maina anaitwa Mwaniki. Aligeukia ukutani. Nilidhani amekasirika, nikakusanya vyombo vya kahawa. Nikiwa mlangoni aliniita.

"Nenda tu," akasema kwa Kiarabu chake. "Mimi nipo."

Yumma ni mzee sana, Mwaniki. Anajua kuliko mimi kwamba huenda asiwepo. Alilisema hivyo hivyo, bila kugeuka, nami nikaweka sinia chini nikalia mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata siku ile ya simu yako ya mwisho, nikisubiri basi. Lile si neno la mtu mwenye uhakika. Ni la mtu anayekubali kubaki na kiti kitupu ili wewe uende bila mzigo. Ulinipa hilo ukiwa kijana mdogo mwenye koti lililotoboka, nami nikawapigia makofi Wazungu.

Nakuja Desemba. Pale palipokuwa na kibanda chenu, dada yangu ananiambia, sasa ni duka la dawa za mifugo, lakini kibaraza ni kile kile. Jumamosi ya kwanza nitakayokuwa nyumbani nitakaa pale saa ile mliyokuwa mkianza kuonyesha. Ukiwa na mke, njoo naye na watoto, nitawanunulia soda na kuwasimulia jinsi baba yao anavyochekesha watu ng'ambo. Nitafurahi kweli, na nitaumia kidogo, na yote mawili nitayaweza. Ukiwa huna mtu, njoo hivyo hivyo ulivyo. Nitakuwa nimebeba mkate.

Anayemjua Mwaniki na amsomee haya kwa sauti, mbele za watu, kama alivyonifanyia yeye. Na wewe ukifika usinianzie habari za mvua. Sema kitu chako. Safari hii hata bila maiki nitasikia.

Kwaheri mpaka kibarazani,

Mpenzi wako wa mbele za watu,
Wairimu wa benchi la mbele